Ushahidi wa Sungura: Kuirudia Hadithi ya Punda wa Dobi

Walimu wenzangu, wazazi, wasimamizi wa maktaba, na nyinyi wanafunzi mliokaa mikekani hapa mbele: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya hadithi ya utotoni ambayo nimeirudia nikiwa mtu mzima, na sikuhitaji muda mrefu kuichagua. Ni Kisa cha Punda wa Dobi. Wengi wenu mnaijua kwa jina la Kima na Papa, na wengine mliisoma shuleni papa akiwa amegeuzwa mamba na kima akiwa amegeuzwa tumbili. Hadithi ni ileile. Mimi niliisikia kwa bibi yangu mzaa mama, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja huko Majengo, Pumwani, na kwa zaidi ya miaka hamsini niliamini kwamba ninaielewa.

Bibi alikuwa mtu wa Mombasa aliyeletwa Nairobi na mume wake, mfanyakazi wa reli. Sisi wajukuu tulizaliwa mbali na bahari, na papa tulimjua kama kitoweo tu: vipande vikavu, vyenye chumvi na harufu kali, vilivyorowekwa kabla ya kupikwa kwa tui la nazi. Kwa hiyo Bibi alipomtaja Papa aliyekuwa na urafiki na Kima, ilinibidi nimuunge upya kichwani mwangu, kipande kwa kipande, nikimpa macho na mkia. Mkuyu alioishi Kima haukunisumbua, kwa kuwa mti huo uko huku bara pia na majirani zetu Wakikuyu wanauita kwa jina linalokaribiana sana na letu. Lakini mnyama niliyemjua kwa kumgusa alikuwa punda. Punda walipita mbele ya baraza yetu wakivuta mikokoteni ya maji na makaa, wakiwa na vidonda mahali pale kamba inapokaa, nasi watoto tulikuwa tukiwapapasa pua pale mwenye mkokoteni anaposimama kuhesabu pesa zake.

Niruhusuni niipitie hadithi kwa ufupi, kwa ajili ya wale ambao imewatoka.

Kima anakaa juu ya mkuyu mkubwa uliosimama ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi yake yakiwa juu ya nchi kavu na nusu juu ya maji. Kila siku anakula matunda, na kila siku anamrushia rafiki yake Papa aliye chini. Siku moja Papa anamwambia kwamba amekula fadhila zake muda mrefu, basi sasa amkaribishe kwao. Kima anasema yeye si mtu wa maji. Papa anamwambia apande mgongoni. Wanakwenda. Wakiwa katikati ya bahari, Papa anaungama: Sultani wa kwao hawezi, ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anafikiri kidogo, kisha anamjibu kwa upole kwamba laiti angemwambia mapema, kwa sababu makima hawatembei na mioyo yao. Huiacha juu ya miti. Papa anageuka, anamrudisha pwani, Kima anaruka tawini na kukaa kimya. Papa anaita. Kima hajibu. Papa anaita tena, na hapo Kima anamuuliza swali ambalo sisi watoto tulilisubiri usiku mzima: "Unanifanya mimi punda wa dobi?"

Papa hamjui punda huyo, basi anasimuliwa. Dobi alikuwa na punda wake jike aliyempenda, akampotea, akaingia mwituni, akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kwa Simba aliyekuwa amekonda kwa maradhi, akamwambia kwamba atamletea nyama. Sungura akamwendea Punda akamwambia: "Nimetumwa kuja kukuposa." Punda akauliza, nani anayeniposa? Akaambiwa, ni Simba. Akafurahi, akafuata. Walipofika, Simba akamrukia. Punda akampiga mateke, wakaumizana, akakimbia. Siku zikapita. Sungura akarudi kwa Punda. Punda akamwambia kwamba mara ile ya kwanza alinusurika kufa, na Sungura, kwa masimulizi ya Bibi, akamjibu: "Hayo ndiyo mazungumzo yake." Punda akaenda tena, na safari hii Simba akamuua. Simba akamwambia Sungura aichome nyama, na kwamba yeye hataki kitu ila moyo na masikio. Sungura akaenda kando, akachoma, akala moyo na masikio peke yake. Simba alipouliza, Sungura akasema: punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, kwani angalikuwa navyo, angalirudi hapa mara ya pili?

Tulikuwa tukicheka mpaka tukishika mbavu. Tulimpenda Kima kwa werevu wake, na Sungura tukampenda zaidi. Kesho yake mtoto aliyerudia kosa alisalimiwa kwa wimbo wa "hana moyo, hana masikio," na hata Bibi alitutumia maneno hayo tulipomwaga maji aliyotukataza kuyagusa. Nilipoingia shuleni niliyakuta yakinisubiri. Mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja wala shule yake, aliniita punda mbele ya darasa kwa sababu nilikosa hesabu ileile siku mbili mfululizo, na mimi mwenyewe nilicheka pamoja na wenzangu, maana hadithi ilikuwa imeshanifundisha kwamba punda ni wa kuchekwa.

Nilikuja kukutana na hadithi hii kwa maandishi nilipokuwa nikisomea ualimu wa Kiswahili. Iliandikwa na kuchapishwa London mwaka 1870, katika mkusanyo wa hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, uliotayarishwa na Edward Steere, mmisionari aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Kiswahili kiko ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Sikuwa tayari kwa jinsi nilivyoguswa. Niliisikia sauti ya Bibi ikitoka katika kitabu kilichochapishwa kabla yeye hajazaliwa, vituo vikiwa mahali pake, majibizano yakiwa yaleyale. Nakumbuka nilikifunga kitabu na kutoka nje ya maktaba kwa muda.

Baadaye nikajifunza kwamba hata Unguja haikuwa mwanzo wake. Katika kitabu cha kale cha India kiitwacho Panchatantra, mwenye urafiki na nyani ni mamba, na ndani ya hadithi hiyo mna punda wa mfua nguo aliyedanganywa na mbweha mara mbili. Katika karne ya 6, wakati wa mfalme Khosrow Anushirwan, tabibu Burzoe aliyatwaa masimulizi ya namna hiyo kutoka India na kuyatia katika Kipahlavi, lugha ya Waajemi wa zama hizo. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa, mwandishi wa asili ya Kiajemi, akayafasiri kwa Kiarabu katika kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho jina lake ni la mbweha wawili. Humo rafiki wa nyani ni kobe, na mti ni mtini. Mkuyu wetu nao ni wa jamii ya mtini. Hata neno letu la dobi limevuka bahari ileile, kwani ni neno la Kihindi. Ukiyaweka hayo pamoja, unaona kwamba watoto waliokuwa wakicheka katika ukumbi wa Bibi, kando ya soko la Gikomba, walikuwa wakicheka mahali palepale walipocheka watoto wa Basra na wa mabonde ya India, karne nyingi kabla yao.

Lakini watu wa pwani hawakuipokea hadithi kama mzigo wa kupitisha tu, na mabadiliko waliyoyafanya ndiyo yanayonivuta kwao. India na Uarabuni, anayetaka moyo wa nyani ni mke wa yule rafiki, anayejifanya mgonjwa kwa wivu. Waswahili walimwondoa mke huyo, na mahali pake wakamweka Sultani, mtawala asiyeonekana, anayeumwa mbali, ambaye ugonjwa wake unatosha kumfanya rafiki amsaliti rafiki. Mbweha wakamwondoa pia, wakamweka Sungura, kipenzi chetu, yule anayeshinda katika ngano nyingi, na nitarudi kwake. Badiliko la tatu liko katika jina lenyewe. Katika Panchatantra hadithi imo katika sehemu inayozungumzia kupoteza ulichokwisha kupata. Yaani mtu anayetazamwa ni mamba, aliyekuwa na moyo mgongoni akaurudisha mtini. Sisi tunapoisimulia leo, mtu anayetazamwa ni Kima. Msimulizi wa Unguja aliiita Kisa cha Punda wa Dobi. Punda yumo katika hadithi ya ndani tu, anasimuliwa na Kima kwa maneno machache, na anakufa kabla haijaisha, lakini yeye ndiye aliyepewa jina la kisa chote. Nimefundisha fasihi simulizi kwa miaka zaidi ya thelathini, na niliwaambia wanafunzi wangu kwamba jina hilo ni bahati tu. Leo siamini hivyo.

Aliyenifumbua macho ni mjukuu wangu wa miaka 8. Umeme ulikuwa umekatika, nami nikaisimulia kama nilivyosimuliwa, kwa kituo kilekile kabla ya maneno ya Sungura. Nilipomaliza nilisubiri kicheko. Hakucheka. Aliniuliza: "Lakini Bibi, si Sungura ndiye aliyevila? Mbona unasema hakuwa navyo?"

Nilimjibu kwamba huo ndio utani wenyewe. Akanyamaza kwa adabu, mimi nikabaki macho usiku ule.

Kwa sababu mtoto alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo iko wazi katika kila nakala ya hadithi. Punda alikuwa na moyo. Alikuwa na masikio, tena marefu kuliko ya mnyama yeyote wa kufugwa mjini hapa. Maneno "hana moyo wala masikio" hayakusemwa na msimulizi. Yalisemwa na mwizi, huku mafuta yakiwa bado midomoni mwake, ili ajiokoe mbele ya mkubwa wake. Ni utetezi wa aliyekula. Nasi tumeutoa kinywani mwake, tukaufanya hukumu, tukaibeba hukumu hiyo kutoka India hadi Uajemi, hadi Uarabuni, hadi Unguja, hadi darasa lile ambalo mimi nilisimamishwa kwa ajili ya hesabu. Katika safari yote hiyo shahidi alikuwa mmoja, naye alikuwa na kila sababu ya kusema uongo. Na nadhani tulimwamini kwa urahisi zaidi kuliko Wahindi walivyomwamini mbweha wao, kwa kuwa wetu alikuwa Sungura, na Sungura tunampenda.

Nikaanza kuisoma upya toka mwanzo, nikimfuata Punda. Mnyama huyu amebeba nguo za watu kwa mgongo wake maisha yote. Anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kuna anayemtaka, si kwa kubeba, bali kwa ndoa, na kwamba amechaguliwa na mfalme wa mwitu. Ni punda jike; Bibi alilisisitiza hilo, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. Anakwenda kwa furaha, anarukiwa, anapigana, anatoroka na majeraha. Masikio yake siku ile yalifanya kazi. Moyo wake pia, kwani ndio uliomtoa pale. Kisha anajiwa na mtu anayemfahamu, mtu mwenye maneno laini, anayemwambia kwamba alichokiona sicho alichokiona. Simba hakutaka kukuua. Hayo ndiyo mazungumzo yake.

Nimelisikia jibu hilo nje ya hadithi. Wengi wenu mmelisikia. Katika nyumba yetu ya Majengo, chumba cha pili kutoka mlangoni, alikaa mama mmoja kijana ambaye mara tatu au nne alikuja kulala kwa Bibi akiwa amevimba uso. Asubuhi walikuja jamaa, watu wazima, wenye heshima zao, wakakaa kwenye mkeka ukumbini na kumweleza kwamba mume wake ana hasira za karibu lakini moyo wake ni safi, kwamba ndivyo alivyo, kwamba atazoea. Akarudi. Mara ya mwisho hakutoka chumbani kwa miguu yake. Nakumbuka maneno yaliyosemwa kisimani juma lile zima: aliambiwa, akarudi mwenyewe, hakuwa na masikio. Waliosema hivyo walikuwa wenye kumhurumia. Baadhi yao ndio waliokaa kwenye mkeka ule.

Januari 2024 wanawake kwa maelfu waliandamana katika barabara za jiji hili kuyapinga mauaji ya wanawake wenzao, na nilipokuwa nikiwasikiliza watu wakijadiliana ndani ya matatu siku zilezile, swali lililorudi kila mara lilikuwa moja: kwa nini alikwenda, kwa nini alirudi. Ni swali la Sungura, neno kwa neno. Angalikuwa na moyo na masikio, angalirudi?

Nimetafuta ndani ya hadithi jibu la kwa nini Kima aliokoka na Punda hakuokoka, maana tulifundishwa kwamba ni akili. Sioni akili hapo. Kima naye alidanganyika. Alialikwa na rafiki, akapanda mgongo wa mnyama mla nyama, akaacha mti wake nyuma; kwa hatua hiyo hakumzidi Punda hata chembe. Tofauti yao iko mahali pamoja tu. Katikati ya bahari, Papa alishindwa kuendelea na uongo. Huenda ni urafiki uliomsumbua, huenda ni haya. Hadithi haisemi, na ni mahali ninapopapenda kuliko pote. Alimwambia Kima ukweli wakati ambapo ukweli ungali na kazi. Kima akautumia. Punda hakuna aliyemwambia. Dobi hayupo, mwitu wote uko kimya, na mtu pekee anayezungumza naye ni yule atakayemla moyo. Masikio ya Kima na ya Punda yalikuwa sawasawa. Yaliyotiwa ndani yake ndiyo hayakuwa sawa.

Nitagusa jambo moja kuhusu punda wenyewe, kwa kuwa sipendi tuwafanye mfano tu na kuwasahau. Katika miaka ya karibuni nchi hii iliruhusu machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi zao, ambazo huchemshwa kutengenezwa gundi iitwayo ejiao, inayotumika kama dawa huko China. Punda wakaibwa usiku kutoka kwa watu waliowategemea kwa maji na kwa mkate. Wizara ya Kilimo ilitangaza marufuku mwaka 2020, marufuku ikapingwa mahakamani, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuikomesha biashara hiyo barani. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka Sultani wa Papa, yule anayeumwa mbali, ambaye dawa yake imo ndani ya mwili wa mnyama wa mtu mwingine.

Walimu wenzangu, sisemi kwamba hadithi hii iondolewe madarasani, wala kwamba ibadilishwe mwisho wake ili Punda aokoke. Niliona zamani kitabu cha watoto kilichofanya hivyo, na kilinihuzunisha, kwa sababu mtoto aliyekisoma hatapata kuuliza alichouliza mjukuu wangu. Isimulieni kama ilivyo, pamoja na kicheko chake, maana kicheko hicho ni sehemu ya kinachopaswa kuonekana. Ninachoomba ni kituo kirefu kidogo. Sungura akishasema maneno yake, msiyakimbilie maneno ya Kima yanayofuata, wala msiandike ubaoni kwamba funzo ni kuwa macho na marafiki wabaya. Ngojeni. Waulizeni watoto nani anayesema, na anamwambia nani, na amekula nini. Nimejaribu hivyo katika shule mbili za Eastlands ambako bado naalikwa, na kila mara kuna mtoto mmoja, kwa kawaida aliyekaa nyuma, ambaye anainua mkono polepole.

Bibi alikuwa na namna yake ya kumaliza. Alisema hadithi yake imekwisha, ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake peke yake. Usiku wa hadithi hii aliyasema maneno hayo akiwa amegeuka upande wa ukuta, ule uliokuwa kati yetu na chumba cha pili kutoka mlangoni. Nilidhani amechoka.

Sasa nawaachia nafasi wanafunzi hawa wa darasa la tano, ambao wamejifunza hadithi nzima kwa moyo na wamegawana sehemu zake. Binti aliyepewa sehemu ya Punda ameniomba ruhusa asimame, asikae kitako kama wenzake, nami nimempa. Wakubwa, tafadhali wapokeeni kama sisi tulivyopokewa.

Haya, wanangu. Paukwa!